Ombi la Kusimamisha Ndoa Iliyofungwa kwa Jina Lililotamkwa Vibaya

Kwa Msajili wa Ndoa,
Ofisi ya Ndoa, Vizazi na Vifo,
Ghorofa ya pili, mlango unaofuata baada ya ngazi iliyong'oka kishikio.

Mheshimiwa Msajili,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Najua una watu wanaokusubiri kwenye lile benchi la korido, wengine wameshikana mikono, wengine wameshaanza kununiana, kwa hiyo sitakuchosha. Nitasema kwa utulivu na kwa mpangilio wa namba, kama inavyompasa mzazi aliyeumizwa.

Mimi ni mchonga funguo. Kibanda changu kiko ubavuni mwa duka la viatu, na wengi wa wafanyakazi wa jengo lenu wameshapita kwangu baada ya kujifungia nje. Jumamosi iliyopita ulimfungisha ndoa binti yangu wa pekee. Bwana harusi ni kijana anayetoka huko juu kwenye baridi, ambaye kazi yake, sijui ni nani alimshauri, ni kutengeneza majokofu. Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba sina ugomvi naye. Ni kijana mwenye adabu, hanywi, na alipokuja kujitambulisha alikuta mfereji wetu wa bati umeziba, akavua koti akauzibua bila kuombwa. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mtu mbaya.

Jina la binti yangu siliandiki hapa. Mnalo kwenye cheti chenu, na kwa jinsi kila anayeliona anavyolisoma kwa mdomo wa kwao, naona bora libaki huko kabatini likiwa salama. Itoshe kusema kwamba amelirithi kwa bibi yake mzaa mama, marehemu mama mkwe wangu, na kwamba si jina la kuchezea. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Ofisi yako ina utaratibu mzuri, na mimi ni wa kwanza kuusifu. Bwana harusi haruhusiwi kumnyooshea bibi harusi kidole na kusema ni huyu hapa. Lazima ataje majina yake yote, kwa sauti, mbele ya watu, ndipo muhuri upigwe. Safi kabisa. Kijana akasimama, akajinyoosha koti, akafungua mdomo. Mwanzo wa jina akautangulizia mvumo fulani puani, kama mtu anayetafuta wimbo aliousahau. Katikati, pale ambapo ulimi unatakiwa utetemeke kidogo, yeye hakuutetemesha, aliutelezesha. Na mwisho wa jina, ambao sisi tunaukata pale pale tukaendelea na shughuli nyingine, yeye aliuvuta mpaka nikaogopa kwamba ataondoka nao.

Niligeuka kuangalia mlangoni nione ni msichana gani anaingia. Hakuingia mtu. Wewe ukatabasamu, ukapiga muhuri, watu wakapiga makofi.

Mheshimiwa, katika kazi yangu ufunguo ukizidi jino moja kwa unene wa unywele, hatusemi kwamba ni ufunguo wa mlango huo wenye kasoro ndogo. Tunasema ni ufunguo wa mlango mwingine, na mtu akikutwa anauchokonoa kwenye kitasa chako, unaita majirani. Kwa hiyo nauliza kwa heshima zote: kijana amemwoa nani? Kwa haki yoyote ile amemwoa mwanamke mwenye jina lile alilolitamka. Mwanamke huyo yuko mahali fulani, labda anaanika nguo, hana habari kwamba tangu Jumamosi ni mke wa mtu. Namhurumia sana, huenda alikuwa na mipango yake. Na binti yangu je? Amehamia kwa mwanamume ambaye kisheria ni mume wa mwenzake. Sikumlea hivyo.

2. Mashahidi. Shahidi wa upande wao alikuwa mjomba wa kijana, ambaye anatoka huko huko juu na anavuta maneno kuliko kijana mwenyewe. Mtu wa namna hiyo atagundua nini? Kwake yeye jina lilipita likiwa limenyooka kama rula. Shahidi wa upande wetu alikuwa mdogo wangu, ambaye nilimwamini, lakini mdogo wangu sikio lake la kulia limekufa tangu utotoni na ofisi yako ilimkalisha sikio zima likiwa limeelekea feni. Nilipomhoji baadaye alisema amesikia vizuri sana. Nikamwambia arudie alichosikia. Akarudia kitu kinachofanana na jina la dawa ya minyoo. Kwa ufupi, ndoa hii ina shahidi mmoja asiyesikia na mwingine anayesikia ya kwao.

3. Kazi ya kuandika bango la ukumbini iliachiwa upande wa bwana harusi. Wakampa mchoraji wao, naye akaliandika jina la bibi harusi kama wanavyolitamka wao, kwa rangi ya dhahabu, herufi kubwa kama milango. Wageni wangu walifika, wakalisoma, wakaona hapa siyo, wakaenda kutafuta ukumbi mwingine. Muuza nyama, rafiki yangu wa siku nyingi, aliingia kwenye sherehe ya watu baki mtaa wa pili. Alikaribishwa, akala, akatoa zawadi ya birika la umeme, na alipoombwa neno alisimama akamsifu baba wa bibi harusi kwa kirefu, akisema anamjua vizuri na kwamba hajawahi kumwona mtu mbahili wa hivyo mwenye moyo mzuri kiasi hicho. Baba wa bibi harusi wa kule alikuwa amekaa pale mbele. Wameshakuwa marafiki. Muuza nyama anasema chakula cha kule kilikuwa kitamu kuliko changu, jambo ambalo siliweki kwenye orodha hii kwa kuwa nina staha.

4. Ukweni wenyewe. Nilidhani tatizo ni la kijana peke yake, nikajipa moyo kwamba mtu mmoja anafundishika. Kumbe ofisini kwako nilikuwa naangalia tone tu, ndoo yenyewe ilikuwa inanisubiri ukumbini. Kila mtu wa kwao alikuja mezani kumpongeza binti yangu, na kila mmoja alikuja na jina lake. Mama yake kijana analivuta mwishoni. Baba yake analivuta mwanzoni, anapumzika, kisha analivuta tena mwishoni. Wale mashangazi wa kijana, ambao wawili kati yao wameolewa mbali wakaongeza na lafudhi za huko walikoolewa, wanalitamka kwa namna ambayo siwezi kuieleza katika barua ya heshima. Na binti yangu akawa anawaitikia wote. Anacheka na kuitikia, anacheka na kuitikia, kama mtu aliyepewa nguo nyingi mpya za kujaribu.

Nilikwenda na binti mmoja, Mheshimiwa, nikamwacha kule akiwa wengi. Hilo lina gharama zake. Hao wote wakigeuka kudai haki kama wakaza wana, wakati mimi nimekubali mahari ya mtu mmoja, nani ataeleza?

5. Sasa toka kwangu uangalie nchi. Leo umemruhusu fundi majokofu, kesho utamzuia nani? Fikiria hospitali. Nesi wa huko juu anasimama mlangoni, anaita jina la mgonjwa kwa lafudhi yake, na mgonjwa wa huku chini, ambaye ameketi pale tangu asubuhi, hajitambui katika jina hilo, anaendelea kusoma kalenda ya ukutani. Anainuka mwingine ambaye ameona limekaribia la kwake. Aliyekuja kung'oa jino anarudi nyumbani na mshono tumboni. Fikiria mahakama: hakimu analivuta jina, mwizi anaona aliyetajwa si yeye, anaaga kwa adabu na kwenda zake, na kwa kweli huwezi kumlaumu. Fikiria mwalimu anayeita mahudhurio. Darasa zima lipo, na hakuna aliyehudhuria.

Sitaki kukutisha, lakini ile siku ya mwisho, ambapo sote tutaitwa kwa majina mmoja mmoja, nani anajua msomaji atakuwa na lafudhi ya wapi? Mimi sitaki nisimame pale milele nikisubiri jina langu wakati lilishapita likiwa limevutwa.

Baada ya kukueleza hayo, naleta maombi yangu, ambayo utaona ni ya kiasi.

Naomba ndoa hii isimamishwe. Sikusema ivunjwe, mimi si katili. Isimamishwe tu mpaka bwana harusi afanyiwe mtihani wa kutamka jina la mkewe. Ili asionewe, niko tayari kumfundisha mwenyewe bure, kibandani kwangu, kuanzia nikifungua mpaka nikifunga, aje na kiti chake. Bodi ya mtihani itakuwa na mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Nimeshauriana na nafsi yangu na imekubali nafasi zote tatu. Mtihani utakuwa wa sauti: atalitamka jina akiwa amesimama, akiwa amekaa, akiwa na kipande cha mkate mdomoni, na akiwa ameudhika, kwa sababu katika ndoa hali hizo zote zipo. Akifaulu, arudi ofisini kwako aape upya na wewe upige muhuri mpya. Akishindwa, atafutwe yule mwanamke mwingine, apewe taarifa kwa upole na aulizwe kama anahitaji mtu wa kutengeneza jokofu.

Wazazi wa kijana nao watahiniwe, kwa mpangilio wa umri. Bibi yake mzaa baba nimemsamehe kwa sababu ya uzee. Yeye ataruhusiwa kumwita binti yangu kwa kumpungia mkono.

Na katika muda wote ambao ndoa imesimama, naomba ofisi yako iamuru binti yangu arudi nyumbani. Chumba chake kipo. Hatujakigusa, hata kitanda hakijatandikwa upya, na kandambili zake za bafuni bado ziko mlangoni, moja imegeukia ukutani. Sina haja ya maelezo marefu hapa.

6. Hili silo lalamiko, nimelipa namba kwa mazoea tu. Binti yangu alikuwa ananiletea chakula cha mchana kibandani. Alikuwa anasimama upande wa dirisha la nyuma, tunagombana kidogo kuhusu chumvi, anachukua bakuli la jana anaondoka. Tangu Jumatatu bakuli naliletewa na mke wangu, ambaye hagombani kuhusu chumvi, anaiweka tu. Jana jioni nilikuwa nimekaa sebuleni, nikakosa miwani, nikamwita binti yangu aniangalizie. Nimelitamka jina vizuri kabisa, Mheshimiwa, ulimi umetetemeka pale unapotakiwa, mwisho nimeukata pale pale. Nyumba ikanyamaza. Miwani ilikuwa kichwani kwangu, lakini hilo halibadilishi jambo. Nimemkosa mtoto wangu na inaniuma, na kama kuna sheria yoyote inayoweza kunirudishia japo kwa wiki chache, nakuomba uitafute, hata kama ni ya zamani na ina vumbi.

Nakushukuru kwa kusoma mpaka hapa. Nisalimie karani wa mapokezi, mlinzi wa getini, yule mama anayefagia ngazi na kuhema, pamoja na maharusi wote watakaoketi kwenye benchi siku utakapoipata barua hii. Waambie wajifunze majina ya wenzao mapema, wasingoje kufika mezani.

Ni mimi, mwenye masikio mazima na moyo uliochoka kidogo,

Mchonga Funguo,
Baba wa bibi harusi (mpaka itakapoamuliwa vinginevyo).

Nyongeza:

Mheshimiwa, stempu nilikuwa nimeshaibandika, na hii stempu haibanduki, kwa hiyo barua itakufikia tu. Lakini kabla ya kuifunga bahasha nilimpa mke wangu aisome, kwa sababu yeye ndiye mwenye kujua nukta zinawekwa wapi. Aliisoma amesimama. Alipofika lalamiko la kwanza alivuta kiti akakaa.

Akaniambia, taratibu, bila kunicheka, kwamba katika watu wote waliokuwa ofisini kwako siku ile, kijana ndiye pekee aliyelitamka jina lile sawasawa.

Mama mkwe wangu, kumbe, aliolewa huku chini akitokea huko huko juu kwa akina kijana. Mimi sikulijua hilo, na jina lake sikuwahi kulisikia likiitwa, maana watu wote walimwita Bibi, na mimi kama mkwe nisingethubutu kulitia mdomoni. Binti yetu alipozaliwa, mke wangu alinitajia jina hilo mara moja, akiwa kitandani hospitali, amechoka. Nikatoka mbio kwenda kuandikisha. Nikamtamkia karani kwa mdomo wa kwetu, karani akaandika alichosikia, nikarudi na cheti. Nimemuuliza mke wangu kwa nini hakunisahihisha. Amesema nilirudi nimekishika kile cheti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la supu, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba hakuona pa kuanzia. Basi akaamua yeye awe anamwita mtoto "Mama" tu, kama watu wanavyomwita mtoto aliyerithi jina la mama yao. Miaka yote hiyo mimi nikajua ni mapenzi. Na yalikuwa mapenzi, ila hayakuwa hayo peke yake.

Siku ile ofisini nilimwona mke wangu akilia. Nilidhani ni aibu, nikampa leso na kumwambia tutalishughulikia. Ameniambia kwamba tangu wamzike mama yake hakuwa amesikia mtu akilisema jina lile vile, likianza puani na kuishia mbali, na kwamba aliposikia kijana analisema mbele ya watu, alitamani amwombe arudie.

Kwa hiyo, kwa mantiki yangu mwenyewe, ambayo nimeisoma tena na bado naiona haina tundu, kijana amemwoa mke wake halali, na mimi nimemlea mtoto wa watu. Naomba maombi yangu yote uyaone kama hayakuletwa. Lile la kijana kuja kibandani libaki, isipokuwa kiti aniletee mimi, maana mwanafunzi sasa ni mimi, na bodi ya mtihani nimejiuzulu.

Jioni hii nimempigia simu binti yangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi bafuni kwa muda. Alipopokea nikalisema jina lake kama mumewe anavyolisema, nikaanzia puani, nikatelezesha, nikavuta. Akaniuliza ni nani mwenzangu, na kama nina mafua. Nikamweleza yote, kuanzia hospitali mpaka bango. Alicheka sana, kisha hakucheka. Akaniambia kwamba kule aliko sasa kila mtu anamwita kama bibi yake, na amelipenda hilo jina, lakini lile la kwangu nisilibadilishe, kwa kuwa mimi ndiye niliyelianzisha, wengine wote wameniiga tu, na nikiliacha litakuwa limekufa.

Basi nikamwita kama siku zote, akaitika, na Jumapili wanakuja kula.